Pakiti ya kapasita za bodi ya umeme ya monita: inafaa, ila kapasita ndogo haimo

Monita ya zamani ikianza kuchelewa kuwaka, au kitaa chake kikawa kinakonyeza tu bila picha kutokea, mara nyingi kioo ni kizima na bodi kuu ni nzima. Kilichochoka ni kapasita chache, yaani vijenzi vya kuhifadhi na kulainisha umeme, kwenye bodi ya umeme, ile inayopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti 5 za bodi kuu na volti 12 hadi 19 za taa za nyuma. Ndipo zilipotokea pakiti za kapasita: mfuko mmoja wenye kapasita zote zinazojulikana kuharibika katika bodi fulani, mnunuzi asihangaike kuzisaka moja moja. Hapa tunazipima pakiti hizo kwa kazi yenyewe: zina nini, zinatibu ugonjwa upi, na zinamwacha wapi anayerekebisha monita yake nyumbani.

Pakiti ya monita ya inchi 17 hadi 22 yenye taa za nyuma za mirija huwa na kapasita 6 hadi 10. Mgao wa kawaida ni tatu au nne za mikrofaradi 1,000 kwa volti 25, mbili au tatu za mikrofaradi 470 kwa volti 25, na moja au mbili za mikrofaradi 1,000 kwa volti 10 au 16 kwa ajili ya njia ya volti 5. Baadhi huongeza kipande cha waya wa lehemu na karatasi yenye picha ya bodi. Lehemu hiyo weka kando. Huwa nyembamba, haijulikani mchanganyiko wake, na haitoshi.

Kwa kapasita zilizovimba upande wa kutokea umeme (ule wa volti 5 na volti 12 hadi 19), pakiti inatosha na inastahili kununuliwa. Kasoro yake kubwa ni kwamba imejazwa zile kubwa zinazoonekana kwa macho, na ile ndogo isiyovimba imesahaulika.

Ndogo hiyo ni kapasita ya mikrofaradi 22 hadi 47 kwa volti 50, yenye mwili wa milimita 5 kwa 11 hivi, iliyosimama karibu na chipu inayodhibiti mosfeti (transista inayokata na kuunga umeme), na mara nyingi imebanwa pembeni mwa bati la kupoza joto. Kazi yake ni kuilisha chipu. Monita ikichomekwa, umeme hupita kwenye rezista za kuwashia, zenye ukinzani wa mamia ya kilo-omu na hata zaidi ya omu milioni moja, ukaijaza kapasita hiyo polepole. Ikifika kizingiti cha chipu, mara nyingi karibu volti 16, chipu inaamka na kuanza kuiwasha na kuizima mosfeti. Kuanzia hapo inalishwa na mzingo mdogo wa pembeni wa transfoma. Sasa, kapasita ikikauka, akiba yake haifiki ng'ambo: chipu inaamka, volti zinaporomoka kabla mzingo wa transfoma haujashika, chipu inalala, inajazwa tena. Unachosikia ni tik, tik, tik, na kitaa cha mbele kinakonyeza kwa mwendo huohuo.

Mtu aliyenunua pakiti na kubadilisha kapasita zote nane, akawasha na kukuta mlio uleule, huona kazi yake imekuwa bure na bodi ameiua. Hajaiua. Kapasita moja ya mikrofaradi 47, ambayo ni miongoni mwa vijenzi vya bei ndogo kabisa kwenye bodi nzima, haikuwemo mfukoni. Ukiagiza pakiti, agiza na hiyo papo hapo. Soma thamani iliyoandikwa kwenye bodi yako, usikisie.

Kwa nini zinakufa

Kapasita ya elektroliti ina majimaji ndani, na majimaji hayo hupungua kwa joto na muda. Kanuni inayotumika ni kwamba kila joto likishuka kwa nyuzi 10, umri wa kapasita huongezeka maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikifanya kazi kwenye nyuzi 75, ina matarajio ya saa 16,000. Kwa anayewasha monita saa 8 kwa siku, hiyo ni miaka mitano na nusu. Ya saa 5,000 katika joto hilohilo hufika saa 40,000. Tofauti ya kutengenezea bodi kwa kapasita ya aina ya kwanza au ya pili ni senti chache kwa kiwanda, na hapo ndipo monita nyingi zilipoumizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa pia na kapasita nyingi zenye majimaji mabovu yaliyozalisha gesi, zikavimba na kupasuka kabla ya umri wake katika kila aina ya vifaa.

Kinachokufa kwanza si ujazo, yaani zile mikrofaradi. Ni ukinzani wa ndani, ule ambao vipimo huuandika kwa herufi ESR, unaopanda. Kapasita nzuri ya mikrofaradi 1,000 kwa volti 25, iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi za aina hii, huwa na ukinzani wa ndani wa sehemu chache tu za mia za omu, yaani kama omu 0.02 hadi 0.05. Iliyochoka huonyesha 0.3, 0.8, au omu kadhaa, hata kama ujazo wake bado ni mikrofaradi 900. Kwa hiyo multimita yenye kipimo cha ujazo peke yake inaweza kukuambia kapasita ni nzima wakati mawimbi yanapita humo bila kuchujwa, na bodi kuu inashindwa kuamka kwa umeme unaoyumba.

Dalili ya kuchelewa kuwaka asubuhi nayo inatoka hapo. Majimaji yakiwa baridi ukinzani unakuwa mkubwa zaidi. Monita inakonyeza dakika kumi, kapasita zinapata joto, picha inatokea. Kesho inahitaji dakika ishirini.

Kabla ya kuagiza

Si kila monita iliyozima inaitaka pakiti. Kuna kipimo kisichohitaji hata bisibisi: monita ikiwa imeunganishwa na kompyuta na kitaa kinaonyesha imewaka, zima taa ya chumbani na umulike kioo kwa tochi kwa mshazari. Ukiona picha hafifu, basi volti 5 zipo, bodi kuu inafanya kazi, na tatizo liko kwenye taa za nyuma au inveta inayoziwasha. Picha ikionekana sekunde mbili kisha giza, inveta inajizima yenyewe kwa ulinzi. Sababu inaweza kuwa kapasita za njia ya volti 12 hadi 19, na hapo pakiti itasaidia. Inaweza pia kuwa mrija uliochoka, transfoma ya inveta yenye mzingo uliokatika, au waya wa taa ulioungua mahali unapochomekwa, na hapo pakiti haina lake. Mwanga wa rangi ya waridi au wekundu kwenye picha wakati wa kuwaka huelekeza kidole kwa mirija.

Kitaa kikiwa kimezimika kabisa, anza na waya wa umeme na soketi, kisha fyuzi. Fyuzi ya bodi, mara nyingi ya ampea 2 hadi 3.15 ya aina inayochelewa kukatika, haikatiki kwa uzee ila mara chache sana. Ikikatika, tafuta shoti nyuma yake: mosfeti, daraja la dayodi (linalougeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu), au kapasita kubwa ya kuingilia. Kubadilisha fyuzi peke yake na kuchomeka tena ni kuchoma fyuzi ya pili, na wakati mwingine njia ya shaba ya bodi pamoja nayo. Kamwe usiweke waya mahali pa fyuzi.

Zipo monita zisizo na bodi ya umeme ndani: zinapata volti 12, 14 au 19 kutoka kwenye adapta ya nje. Hizo pima adapta kwanza, ikiwa imebeba mzigo. Adapta mbovu inaweza kuonyesha volti zake kamili ikiwa haijachomekwa kwenye monita, halafu ikaanguka mara tu inapoanza kufanya kazi.

Ubora wa kilichomo mfukoni

Hapa pakiti zinatofautiana sana, na idadi ya kapasita haikuambii lolote. Kinachosema ni jina la mtengenezaji na mfululizo uliochapishwa kwenye ganda. Panasonic FM na FR, Rubycon ZLH, Nichicon HE, na Nippon Chemi-Con KY na KZE zote ni za nyuzi 105 na ukinzani mdogo wa ndani, na zinafaa kwa kazi hii. Muuzaji anayetaja mfululizo waziwazi anastahili kuaminiwa kuliko anayeandika tu "kapasita bora". Kuandikwa nyuzi 105 peke yake hakutoshi: zipo kapasita za matumizi ya jumla zenye nyuzi 105 ambazo ukinzani wake wa ndani ni mkubwa mara kadhaa, zikiwekwa kwenye bodi ya umeme zinapata joto zenyewe na kurudi kwenye hali ileile mapema.

Ganda bandia linachapishwa kwa urahisi, kwa hiyo chukua rula. Kapasita halisi ya mikrofaradi 1,000 kwa volti 25 katika mifululizo hii ina kipenyo cha milimita 10 na urefu wa 20 hivi. Ukiletewa yenye maandishi hayohayo lakini mwili wa milimita 8 kwa 12, rudisha. Ukubwa huo hauwezi kubeba ujazo huo kwa ukinzani mdogo. Halafu zipime zote kabla ya kuziweka kwenye bodi, kwa kile kipima vijenzi kidogo chenye kioo, kinachoonyesha ujazo na ESR kwa pamoja. Ujazo ndani ya asilimia 20 juu au chini ni wa kawaida. Ukikuta 1,000 inasoma 620, mfuko mzima una shaka.

Vipimo vya umbo pia huleta matatizo ambayo karatasi ya maelezo haiyataji. Kipenyo cha milimita 10 huwa na miguu iliyoachana kwa milimita 5, cha milimita 8 huwa 3.5. Kapasita ya milimita 10 mahali palipoachwa nafasi ya milimita 8 itagusa jirani yake au bati la kupoza. Urefu nao una mpaka: bodi ya monita imefunikwa kwa bati, na kapasita ndefu kupita kiasi inasukumwa na bati hilo. Inaweza kulazwa, mradi miguu ivalishwe mpira na mwili usiguse chochote chenye joto.

Ukikosa thamani kamili, volti zinaweza kupanda, zisishuke: ya volti 35 inakaa vizuri mahali pa volti 25 ikiwa inaenea. Ujazo upande wa kutokea unaweza kuongezwa kidogo, 470 ikawa 560, 820 ikawa 1,000. Kuongeza mara tatu kwa kudhani umeme utakuwa safi zaidi ni kuitwisha chipu mzigo mzito wakati wa kuwaka, na ulinzi wake unaweza kukataa. Kuna pakiti za "daraja la juu" zenye kapasita imara zisizo na majimaji. Hizi ni nzuri mno kwenye bodi zilizobuniwa kwa ajili yake. Kwenye bodi ya zamani, mzunguko wa kurekebisha volti ulihesabiwa kwa kuzingatia ukinzani fulani wa ndani wa kapasita, na ukiuondoa kabisa volti zinaweza kuanza kutikisika. Tungebaki na za majimaji.

Kazi yenyewe

Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia. Usihesabu hilo kuwa limetoa umeme wote. Kapasita kubwa ya kuingilia, ya mikrofaradi 68 hadi 150 kwa volti 400 au 450, inabeba volti 325 kwenye nyumba yenye umeme wa volti 230, na 170 hivi kwenye umeme wa volti 120. Bodi iliyokufa huenda isiitumie akiba hiyo, ikabaki humo muda mrefu. Mikrofaradi 100 kwa volti 325 ni jouli 5 na kidogo, na inauma vibaya, hasa mkono ukiruka na kugonga bati lenye ncha.

Laza monita kifudifudi kwenye kitambaa laini, ondoa mguu, toa skrubu, kisha achanisha fremu ya mbele na kifuniko kwa kadi ya plastiki ukizunguka ukingo. Bisibisi ya chuma huacha alama na inaweza kuupasua ukingo wa kioo. Chomoa nyaya za taa kwa kushika vichwa vyake, si nyaya, halafu utepe wa picha. Piga picha ya kila hatua kwa simu; nyaya za taa mbili zinazofanana zina sehemu zake.

Bodi ikishatoka, ishike kwa kingo. Gusisha rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 kwenye miguu miwili ya kapasita kubwa kwa sekunde kumi, ukiishika kwa koleo lenye mpira au ukiwa umeiunganisha na nyaya zenye vishikizo vilivyofunikwa. Kwa mikrofaradi 100, sekunde 5 zinatosha kwa hesabu, hizo nyingine ni za moyo kutulia. Kisha pima kwa multimita uhakikishe imeshuka chini ya volti 5. Kuishotisha kwa bisibisi, jambo ambalo karatasi za baadhi ya pakiti zinalishauri, hutoa cheche inayochimba lehemu, na inaweza kuharibu kapasita ambayo haikuwa na tatizo.

Angalia sasa bodi kwa jumla kabla ya kung'ang'ania kapasita. Geuza upande wa lehemu na utafute duara jembamba jeusi kuzunguka miguu ya transfoma, soketi ya umeme na mosfeti: hiyo ni lehemu iliyopasuka kwa joto na baridi, na kuiyeyusha upya kwa lehemu mpya kunaweza kuwa ndiyo matengenezo yote unayohitaji. Tazama pia gundi. Baadhi ya bodi zina gundi ya rangi ya krimu inayoshikilia vijenzi virefu. Ikipikwa miaka mingi hugeuka kahawia, hupitisha umeme na kula miguu ya vijenzi. Ikwangue.

Kung'oa kapasita kunahitaji chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60, ikiwezekana cha kurekebishwa joto. Nyuzi 350 zinatosha kwa lehemu yenye risasi. Bodi nyingi za baada ya 2006 zina lehemu isiyo na risasi, inayoyeyuka kwa shida, kwa hiyo panda hadi 370 au 380. Siri iko katika kuongeza lehemu kabla ya kuitoa: yeyusha kidogo ya 60/40 au 63/37 (asilimia ya stani kwa risasi) juu ya ile ya zamani, zichanganyike, kisha inyonye kwa pampu au utepe wa shaba. Mguu wa hasi mara nyingi umeshikana na eneo pana la shaba linalokunywa joto, hivyo uwe tayari kuchelewa. Usivute kwa nguvu. Kapasita ikikataa, pasha mguu mmoja huku ukiiinamisha kidogo, pasha wa pili ukiiinamisha upande wa pili, itatoka taratibu. Ukivuta, kijisahani cha shaba kinabanduka pamoja na mguu, na kuanzia hapo unafanya kazi ya kuunga waya.

Kwa upande wa alama, mstari kwenye ganda la kapasita unaonyesha hasi. Kwenye bodi, nusu iliyopakwa rangi au kuchorwa mistari kwa kawaida ni hasi, ila zipo bodi zinazotumia alama hiyo kinyume. Njia ya uhakika ni kuweka alama ya kalamu kwenye bodi kabla ya kung'oa kila moja, na kuhakikisha kwa multimita kwamba hasi inafika kwenye eneo pana la shaba la njia ile. Kapasita iliyogeuzwa hupasuka, wakati mwingine baada ya dakika kadhaa, usoni pa aliyekwisha kuamini kwamba kazi imekwenda sawa.

Badilisha zote za upande wa kutokea hata kama ni mbili tu zilizovimba. Zimeishi katika joto lilelile kwa muda uleule. Na usijaribu kuzipima zikiwa kwenye bodi: kadhaa zimeunganishwa sambamba kwenye njia moja, kwa hiyo nzima moja inaficha mbovu tatu.

Kabla ya kurudisha, pima dayodi za kutokea, zile zenye miguu mitatu kwenye bati la kupoza upande wa volti ndogo. Kwa kipimo cha dayodi, upande mmoja usome kama 0.15 hadi 0.3 ya volti na upande wa pili usisome kitu. Sifuri pande zote ni shoti, ingawa ni vyema kuitoa kwenye bodi na kupima tena kabla ya kuihukumu.

Kuwasha mara ya kwanza

Hapa ndipo tungependa kila pakiti iwe na mstari mmoja wa maelezo, na hatujaukuta: washa kupitia balbu. Balbu ya kawaida ya waya, wati 40 au 60, iunganishwe katika njia moja ya umeme unaoingia, kwa mfululizo. Ikiwaka ghafla kisha ikafifia au kuzima, kapasita kubwa imejaa na hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imekuokolea fyuzi na mosfeti. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Monita ikiingia kwenye picha kamili ikiwa bado kwenye balbu, inaweza kuanza kukonyeza kwa sababu balbu inainyima umeme. Hilo ni la kutarajiwa. Ondoa balbu, chomeka moja kwa moja.

Volti zinasomwa kwenye soketi ya nyaya inayokwenda bodi kuu, ambapo majina huwa yamechapishwa. Njia ya volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Kipimo kiguse upande huo tu. Upande wa kuingilia hauna ardhi (nukta ya sifuri ya kupimia) moja na upande wa kutokea, na waya mweusi wa multimita ukiachwa mahali pasipo pake, namba zote zitakuwa za uongo. Soketi za taa usizipime hata kidogo: wakati wa kuwaka, inveta hutoa zaidi ya volti 1,000 za mkondo geu kwa masafa ya makumi ya kilohazi, na multimita ya kawaida huungua papo hapo. Mirija yenyewe ina zebaki kidogo, kwa hiyo isivunjwe wakati wa kuhangaika na kioo.

Pakiti inapokosa jibu

Kapasita kubwa ina volti 325 zake na hakuna kinachotokea, hata mlio: shuku rezista za kuwashia. Zinaishi maisha yao yote zikiwa na volti nyingi, na baadhi hupanda thamani hadi kukatika. Zipime zikiwa zimetolewa mguu mmoja.

Mosfeti ikiwa na shoti, hesabu imebadilika. Ikifa huwa haifi peke yake: huondoka na fyuzi, rezista ndogo ya kupimia mkondo iliyo chini yake yenye sehemu tu ya omu, rezista ya lango, na mara nyingi chipu yenyewe. Anayeweza kuvipata vyote na kuvipima vyote anaweza kuendelea. Kwa wengine, hapo bodi nzima ya kubadilisha ni uamuzi wa busara kuliko pakiti yoyote.

Bodi hizo nzima zina masharti yake. Linganisha namba iliyochapishwa kwenye bodi, si jina la monita peke yake, kwa kuwa modeli moja inaweza kuwa ilitengenezwa kwa vioo vya watengenezaji tofauti na bodi tofauti. Hesabu soketi za taa: bodi ya taa nne haikai mahali pa taa mbili. Linganisha mpangilio wa nyaya za kuwasha taa na kupunguza mwanga. Na kama bodi ni iliyong'olewa kwenye monita nyingine ya zamani, ina kapasita za umri uleule na joto lilelile. Utakuwa umelipia bodi, na pakiti bado utaihitaji. Bodi mpya kabisa ndiyo yenye maana, ingawa nayo huja na kapasita za kiwango cha chini mara nyingi kiasi kwamba inafaa kuzikagua majina kabla ya kuifunga.

Kwa monita mpya zaidi zenye taa za LED, pakiti zilizoandikwa "za monita zote" hazifai. Humo kuna sehemu inayopandisha volti kwa ajili ya mistari ya LED, na kapasita yake ya kutokea ni ya volti 63 au 100. Ya volti 25 kutoka kwenye pakiti ya jumla ikiwekwa pale itapasuka mara ya kwanza taa zinapowashwa. Soma kile kilichoandikwa kwenye kapasita unayoing'oa, na uagize kwa hicho.